Sauti Yake, Mkasi Wao

Katika sanaa zote ambazo kwazo binadamu hujidhihirisha mbele ya wenziwe, hakuna inayomnyang'anya mtendaji milki ya tendo lake kama sinema. Mwimbaji aimbapo mbele ya hadhira, sauti ni yake tangu itokapo kifuani hata ifikapo masikioni mwa watu. Mchezaji wa jukwaani, pazia likisha kufunguliwa, hana bwana juu yake ila kumbukumbu yake na macho ya watazamaji. Lakini mwigizaji wa picha hutoa uso wake, mwendo wake na maneno yake vipande vipande, leo kipande cha mwisho na kesho cha mwanzo, kisha huvaa koti akaenda zake nyumbani, na vile vipande hubaki chumbani mwa mtu mwingine mwenye mkasi na gundi, ambaye aweza kuviunga kwa namna ambayo mwenye uso hakuidhamiria kamwe. Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye katika umri mmoja alikuwa mchezaji wa mpira, mwanasheria, mwimbaji, mwigizaji, mwanafunzi wa lugha na mtetezi wa wanyonge, aliijua taabu hiyo kwa gharama kubwa. Na kwa kuwa sehemu moja ya taabu yake inahusu bara letu, na hata lugha hii tunayoiandika, sura hii itakaa naye kitako.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, katika jimbo la New Jersey, kitindamimba wa Mchungaji William Drew Robeson, mtu aliyezaliwa utumwani North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hata akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alikuwa mwalimu wa shule, wa nasaba ya watu weusi huru wa Philadelphia waliosifika kwa elimu na muruwa. Paul hajatimiza bado miaka sita, kaa la moto lilidondoka jikoni likaliwasha vazi la mama huyo, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kudhoofika kwa mtoto wa jicho, na majeraha yale yakamwua. Baba naye alikuwa amekwisha kuondolewa katika kanisa alilolitumikia miaka mingi. Na mtu huyo, aliyekuwa akihubiri kwa Kiingereza safi kilichosikika kama kimechongwa, hakuona haya kumfunga farasi wake aitwaye Bess kwenye gari na kuzunguka mjini akizoa majivu ya majiko ya watu, na nyakati nyingine kuwachukua kwa ujira wanafunzi wa chuo kikuu cha mji ule ule, ambacho mlango wake ulifungwa kwa vijana wa rangi ya wanawe. Robeson aliandika baadaye kwamba hakumsikia baba yake hata siku moja akilalamika. Jioni mchungaji alimsimamisha mwanawe sebuleni akariri hotuba, akamsahihisha matamshi neno kwa neno. Na atakaye kujua ile lafudhi ya Robeson, ambamo kila irabu hupewa haki yake, ilitoka wapi, aanze na sebule ile kabla ya kwenda kwenye majumba ya muziki.

Mwaka 1915 alishinda mtihani wa jimbo zima akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Rutgers, akawa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu chuo kiwepo, na wa pekee kwa wakati ule. Alipokwenda kujaribiwa katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule ambao huchezwa kwa kukumbatiana na kuangushana zaidi kuliko kwa mguu, wachezaji weupe waliazimia kwamba hatarudi mara ya pili: walimvunja pua, wakamtegua bega, akalala kitandani siku kadhaa. Akarudi. Safari hii mmoja wao alimkanyaga mkono uliokuwa umetandazwa chini kwa kiatu chenye njumu, akamng'oa kucha. Na kijana yule, ambaye baba yake alimfunza kwamba yeye hakwenda Rutgers kwa niaba yake peke yake, kwa mara ya kwanza ustahimilivu ulimtoka, akamkamata mchezaji aliyekuwa na mpira, akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na huenda angalimbwaga vibaya lau kocha Foster Sanford asingalipiga ukelele kumwambia kwamba amekwisha kuingia katika timu. Mwaka 1917 na tena mwaka 1918 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Marekani nzima. Darasani alikuwa vile vile: alihitimu mwaka 1919 akiwa ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba ya kuagana kwa niaba ya wenziwe. Baba yake alifariki mwaka mmoja kabla, asiione siku ile.

Kuhusu uanasheria hatuna haja ya kukaa sana. Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, akijilipia karo kwa kucheza mpira wa kulipwa mwishoni mwa juma katika timu za Akron na Milwaukee, akahitimu mwaka 1923, akapata kazi katika ofisi moja ya mawakili mjini New York. Na siku moja alipomwita karani aandike kwa imla yake, karani akakataa kuandika maneno ya mtu mweusi, Robeson akachukua kofia yake akaondoka, na ulimwengu wa sheria haukumwona tena ila alipokuja miaka mingi baadaye kama mshitaki na kama shahidi. Mkewe, Eslanda Cardozo Goode, aliyemwoa mwaka 1921, ndiye aliyeona mbele kuliko yeye kwamba rizki ya mume wake iko jukwaani. Bibi huyu alikuwa mwanakemia katika maabara ya hospitali, hodari wa hesabu na mikataba. Na nionavyo mimi, wasifu wowote wa Robeson unaomtaja Eslanda kama mke tu wa mtu mashuhuri umepunguka nusu.

Jukwaani alipanda kwa kasi. Mwaka 1924 alicheza michezo miwili ya Eugene O'Neill, na mmoja wao, ambamo mwigizaji mweupe alitakiwa kuubusu mkono wake, ulizusha vitisho vya wabaguzi wa Ku Klux Klan kabla hata ya kuonyeshwa. Mwaka 1925, pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya tamasha mjini New York ambalo nyimbo zake zote zilikuwa za watu weusi, zile tenzi za kidini na nyimbo za kazi zilizotungwa na watumwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwani aghalabu waimbaji wakubwa walizitia nyimbo hizo mwishoni kama kitamu cha baada ya chakula. Tangu usiku ule uimbaji ukawa nyumba yake ya kudumu. Uigizaji wa picha ulikuwa nyumba ya kupanga, yenye mwenyewe.

Na mwenye nyumba alijitambulisha mapema. Katika picha yake ya kwanza, Body and Soul, iliyotengenezwa mwaka 1925 na Oscar Micheaux, mtayarishaji mweusi aliyefanya kazi kwa fedha chache na ghera nyingi, Robeson anacheza watu wawili, mhubiri laghai na ndugu yake mwema, na hadaa ya yule mhubiri imeonyeshwa kwa ukali ambao wakaguzi wa New York hawakuuridhia. Micheaux akalazimika kukata na kuunga upya, akaigeuza ile habari ya kutisha kuwa ndoto tu ya mama wa msichana aliyedhulumiwa. Miaka minane baadaye ikaja The Emperor Jones, picha iliyomtoa Robeson mbele ya Amerika nzima akiwa na jina lake juu ya majina ya waigizaji weupe. Hapo tena mkasi ukapita. Pale ambapo Jones, anayechezwa na Robeson, akiwa mfungwa katika genge la wavunja mawe, anamwua mlinzi mzungu, pakatolewa, kwa hiyo mtazamaji humwona mtu huyu amesimama na koleo, na mara anamwona anakimbia, bila kuelezwa kwa nini. Na mwigizaji Fredi Washington, mwanamke mweusi ambaye ngozi yake ilikuwa nyeupe mno kwa macho ya watayarishaji, alipakwa rangi awe mweusi zaidi na sehemu zake zikapigwa upya, ili asije mtu kudhani kwamba Robeson amemkumbatia mzungu. Pamoja na hayo yote, atazamaye picha ile leo humwona mtu aliyejaa katika kila pembe ya kiwambo, ambaye macho yake husema hata anaponyamaza.

Wakati huo akina Robeson walikuwa wamekwisha kuhamia London. Mwaka 1928 aliimba huko katika Show Boat, katika ukumbi wa Drury Lane, ule wimbo wa mto Mississippi ambao umeshikamana na jina lake mpaka leo, na mwaka 1930 akacheza Othello pamoja na Peggy Ashcroft. Uingereza ilimpokea kwa jamala, walau katika kumbi na sebule; lakini kubwa aliloliokota London hakulipata kwa Waingereza. Alikutana na Waafrika. Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi, mabaharia wa bandarini, wanasiasa vijana waliokuwa wakiandika maombi kwa Wizara ya Makoloni na kungoja majibu yasiyokuja: hao walimfungulia bara ambalo katika shule za Marekani alifundishwa kulionea haya. Mwaka 1933 akajiandikisha katika Chuo cha Taaluma za Mashariki cha London kusoma fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Msomaji wetu ana rukhsa ya kutabasamu akimfikiria bwana yule, aliyekwisha kushangiliwa Drury Lane, mrefu wa kupita futi sita, amekaa katika benchi la wanafunzi akihangaika na ngeli. Lakini jambo lenyewe halikuwa mchezo kwake. Alikuwa akitafuta hoja: kwamba mahadhi ya nyimbo za watumwa na mwendo wa usemi wa watu weusi wa Amerika vina udugu na lugha za Afrika, na kwamba watu wake hawakutupwa duniani bila asili. Katika makala alizoandika mwaka 1934 alitangaza wazi kwamba atakalo ni kuwa Mwafrika, na kwamba katika muziki wake, michezo yake na picha zake wazo hilo ndilo liwe kiini.

Basi ndipo Alexander Korda na nduguye Zoltan, Wahungaria waliokuwa wakiijenga upya sinema ya Uingereza, wakamjia na picha ya Sanders of the River, iliyotokana na hadithi za Edgar Wallace. Zoltan alikuwa amepeleka watu wake Afrika kwa miezi, wakapiga picha za ngoma, za mitumbwi na za wanyama, wakakusanya sauti za nyimbo. Robeson alipoonyeshwa picha zile na kusikia zile sauti, alisisimka kwa furaha, akaona kwamba kwa mara ya kwanza watu wa Ulaya na Amerika wataona ustaarabu wa Kiafrika ukiwa katika heshima yake. Akakubali kumcheza Bosambo. Kijiji cha Kiafrika kikajengwa Shepperton, ukingoni mwa mto Thames, kwa miti na makuti. Na wakazi wa kijiji hicho walikuwa mabaharia na wapagazi wa bandari, wengi wao kutoka Cardiff, wanafunzi, na watu wa mataifa mbalimbali ya Afrika waliokuwa wakihangaikia maisha Uingereza, wakivuliwa makoti ya baridi asubuhi na kuvishwa ngozi na manyoya. Mmoja wa wale waliokaa katika baraza la machifu, mwenye ndevu na macho makali, alikuwa Mkikuyu aliyetumwa na watu wake kudai ardhi, aliyekuwa na madeni mjini London na asiye na namna ya kuukataa ujira wa siku chache: Jomo Kenyatta. Jina lake halikuandikwa popote katika picha.

Tafakari insafu ya mambo haya. Mwanafunzi wa Kiswahili na mjumbe wa Wakikuyu, wote wawili wakisoma London, wote wawili wakiamini kwamba Afrika haijasemwa vilivyo, wamesimama katika kijiji cha bandia kando ya Thames, wakiuza nyuso zao kwa picha ambayo hawajui itafika wapi. Ilipofika mwaka 1935 na kuonyeshwa London, ilianza kwa maneno ya kuwasifu wazungu wachache wanaolinda amani ya mfalme katika Afrika. Sanders, mtawala wa wilaya, akiondoka kwenda likizo vita vinazuka siku ile ile kana kwamba watu weusi hawawezi kulala salama bila yeye. Akirudi, amani inarudi. Na Bosambo, mtoro wa gereza, anapewa ufalme kwa sababu ya utiifu wake. Zile ngoma ambazo Robeson alizipenda zimo, nzuri kweli, lakini zimeungwa mahali ambapo zinaonekana kuwa vurumai ya washenzi. Robeson alieleza baadaye kwamba ile sura ya kuutukuza ukoloni iliingizwa katika siku za mwisho za kupiga picha, alipokuwa hana tena uwezo wa kuizuia. Aliikana picha hadharani, na kila alipoulizwa juu yake hakuitetea.

Je, tumwamini? Nionavyo, sehemu kubwa ndiyo, lakini si yote. Hadithi za Edgar Wallace zilikuwa zikiuzwa madukani miaka mingi kabla, na hakuna aliyezisoma asijue Sanders ni nani na Bosambo ni nani. Mtu aliyesoma sheria angaliweza kuitaka hati yote ya mchezo mezani kabla ya kutia saini. Shauku ya Afrika ilimtia upofu. Hata hivyo, tofauti yake na waigizaji wengi ni kwamba upofu huo haukumpata mara mbili kwa namna ile ile. Kwa picha ya Song of Freedom, ya mwaka 1936, alidai na akapewa katika mkataba haki ya kuidhinisha picha baada ya kukatwa na kuungwa, haki ambayo mwigizaji mweusi hakuzoea hata kuiota. Habari yake ni ya mpagazi wa bandari ya London ambaye sauti yake inamfanya mwimbaji mashuhuri, kisha anagundua kwamba yeye ni wa ukoo wa kifalme wa kisiwa cha Afrika, akarudi huko. Sehemu za kisiwani zina mambo mengi ya kuchekesha kwa mtu aliyekulia Afrika, na mganga wake ni yule yule wa vitabu vya watoto. Lakini nusu ya kwanza, ambamo mume na mke weusi wanaishi mtaani London kama watu wenye staha, wakipendwa na majirani, bila mmoja wao kuchekesha wala kuogopa, haikuwa na ya kuilinganisha nayo katika sinema ya wakati ule.

Mwaka huo huo wa 1936 Eslanda, aliyekuwa sasa akisoma elimu ya desturi za watu mjini London, alimchukua mwanawe wa miaka minane akasafiri Afrika Kusini na Uganda, akakaa kwa watu wa Toro, akaandika shajara ambayo mwaka 1945 ilitoka kuwa kitabu, African Journey. Paul hakwenda. Kazi ilimbakiza Uingereza; na ukiacha Misri, alikopigiwa picha ya Jericho, bara ambalo lugha zake alijifunza hakupata kulikaa. Katika kitabu cha mkewe kuna Afrika ya watu wanaopika, wanaoendesha mashauri, wanaouliza maswali juu ya ulimwengu, na mtu huweza kusikitika kwamba hakuna studio iliyomwomba Eslanda aandike mchezo.

Picha aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya Afrika wala ya Amerika. Katika majira ya baridi ya mwaka 1929, akitembea London, alikuwa amekutana na wachimba makaa wa Wales waliokosa kazi, waliokwenda kwa miguu hadi mji mkuu, wakiimba barabarani. Alifuatana nao, akaimba nao, na tangu siku ile akawa na udugu na mabonde ya Wales ambao haukukatika. Katika The Proud Valley, iliyopigwa mwaka 1939 na kuonyeshwa mwaka 1940, anacheza baharia mweusi aitwaye David Goliath, anayefika katika kijiji cha wachimba makaa, akasikika akiimba chini ya dirisha la chumba wanamofanyia mazoezi ya kwaya, akapewa kazi kwa ajili ya sauti yake. Mchimba mmoja anapolalamika kumfanyia kazi mtu mweusi shimoni, anajibiwa kwamba huko chini wote ni weusi. Mwisho wake Goliath anajitoa mhanga kuwaokoa wenzake. Mwisho uliokusudiwa awali ulikuwa wachimbaji kulichukua shimo wenyewe na kuliendesha. Vita vikaingia Septemba ile, na waandishi wakaugeuza, wachimbaji na wenye mali wakapatana kwa ajili ya taifa. Hata hapo, basi, mkono wa nje uliingia. Lakini hii Robeson hakuikana.

Amerika alikorudi mwaka 1939 ilimpa jaribio moja la mwisho. Katika Tales of Manhattan ya mwaka 1942, koti lililojaa fedha linaanguka kutoka angani juu ya wakulima weusi maskini, nao wanapiga magoti na kuimba. Robeson alikubali kwa tamaa ya kuonyesha umaskini wa Kusini na namna ambavyo maskini wangegawana ardhi. Alichokiona katika kiwambo kilikuwa ule ule mzaha wa zamani, akatangaza kwamba amemalizana na Hollywood. Hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Mwaka uliofuata alipanda jukwaa la Broadway kucheza Othello pamoja na Uta Hagen na José Ferrer, mtu mweusi wa kwanza kuicheza sehemu hiyo huko katikati ya waigizaji weupe, na mchezo ukaonyeshwa mara 296, hesabu ambayo mchezo wa Shakespeare haukupata kuifikia katika mtaa ule. Walipouzungusha mjini kwa mjini, alikataa kucheza popote ambapo watu weusi walitengwa viti. Fauka ya hayo aliliongoza Baraza la Mambo ya Afrika mjini New York, lililokusanya chakula na fedha kwa ajili ya wenye njaa wa Afrika Kusini mwaka 1946 na kudai uhuru wa makoloni wakati ambapo Wamarekani wengi hawakujua makoloni hayo yako wapi.

Magazeti nayo yana mkasi wao. Mwezi wa Aprili 1949 alihutubia mkutano wa amani mjini Paris, na shirika la habari likasambaza Amerika nzima maneno makali kuliko aliyoyasema, kwamba watu weusi wa Amerika hawatapigana na Urusi. Kabla hajarudi nyumbani alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Mwezi wa Agosti umati ulivunja tamasha lake karibu na mji wa Peekskill. Tarehe 4 Septemba akarudi akaimba, akizungukwa na mamia ya wafanyakazi wa vyama waliosimama bega kwa bega kumkinga, na watu walipokuwa wakiondoka magari yao yakavurumishiwa mawe, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Alipoishitaki, mawakili wa serikali walieleza mahakamani, miongoni mwa sababu zao, kwamba kwa miaka mingi amekuwa akishughulika mno na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Sababu ambayo kwetu sisi ingalikuwa barua ya sifa. Kumbi zikamfungia milango, sahani zake zikaondolewa madukani, na kipato chake, kilichopita dola 100,000 kwa mwaka 1947, kikashuka hata kikawa dola elfu chache tu.

Hapo ndipo ilipobainika thamani ya mtu mwenye sauti yake mwenyewe. Mwezi wa Mei 1952, akiwa amezuiwa kuingia Kanada, ambako Mmarekani hakuhitaji hata pasipoti, alipanda juu ya lori lililosimama upande wa Marekani, kando ya Tao la Amani linalosimama mpakani, akaimba, na maelfu ya watu wakamsikiliza kutoka pande mbili za mstari. Mwaka 1957 wachimba makaa wa Wales walikusanyika Porthcawl, yeye akakaa mbele ya kipaza sauti mjini New York, na sauti ikapita katika waya wa simu uliolazwa chini ya Atlantiki. Kwaya yao ikamjibu kwa waya huo huo. Ule wimbo wa mto nao alikuwa amekwisha kuugeuza maneno miaka mingi, palipokuwa na mtu aliyechoka kuishi pakawa na mtu anayeendelea kupigana, na mtunzi wa maneno ya asili alipenda asipende, jukwaani hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumkatiza.

Lakini sauti hiyo ilinyamaza pia mahali ambapo haikustahili kunyamaza, na mwandishi anayempenda hana budi kulisema. Alifika Urusi mara ya kwanza mwaka 1934, akiitikia mwito wa Sergei Eisenstein, akaona, kwa maneno yake, kwamba huko alitembea kama binadamu kamili. Na deni la siku zile alililipa kwa kufumba macho. Mwezi wa Juni 1949 alionana mjini Moscow na rafiki yake mshairi Itzik Feffer, aliyetolewa gerezani kwa ajili ya maonano yale. Mwanawe Robeson alisimulia kwamba Feffer, akijua chumba kina masikio, alimweleza kwa ishara na karatasi kwamba Wayahudi wenzake wanakamatwa na kuuawa. Usiku wa tamasha Robeson alimtaja Feffer mbele ya hadhira ya Moscow, akaimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji wa Warsaw, tendo la ushujaa mahali pale. Akarudi Amerika, na alipoulizwa, akakanusha kwamba kuna uonevu wowote. Feffer aliuawa mwaka 1952. Robeson alichelea kuwapa silaha adui zake wa nyumbani, na hofu ile inafahamika. Haisameheki kwa urahisi.

Pasipoti ilirudi mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu kuamua katika kesi ya mchoraji Rockwell Kent kwamba serikali haina haki ya kumnyima mtu safari kwa sababu ya itikadi yake. Mwaka 1959 alicheza Othello mara ya mwisho, Stratford. Mwaka 1960 aliimba mjini Sydney mbele ya wajenzi wa jumba la opera lililokuwa bado mifupa ya zege. Kisha maradhi ya nafsi yakamshika, akajaribu kujiua Moscow mwaka 1961, akatibiwa London na Berlin ya Mashariki, akarudi nyumbani mwaka 1963. Eslanda alifariki mwaka 1965. Miaka iliyobaki aliikaa Philadelphia kwa dada yake Marian, akiwapokea wageni wachache, hata tarehe 23 Januari 1976 alipofariki akiwa na umri wa miaka 77.

Hata baada ya kifo chake wenye kumbukumbu za michezo hawakuwa na haraka: jumba la mashujaa wa mpira wa vyuo lilimwandika mwaka 1995. Picha zake, kwa bahati, nyingi zimesalia, na anayetaka kumjua asifuate miaka. Aanze na The Proud Valley, ambamo mtu na sehemu yake wamepatana. Aende The Emperor Jones aone nguvu iliyokuwa ikifungwa. Atazame nusu ya kwanza ya Song of Freedom na kuisamehe ya pili. Sanders of the River aitazame mwisho, na katika baraza la machifu asimtazame Bosambo peke yake, awaangalie pia waliokaa nyuma.